Kabla hujamwambia abiria "ni saa moja tu"

Wewe uliyeanza kazi ya kukata tiketi za ndege hivi karibuni, swali utakaloulizwa kila siku ni hili: "Dar mpaka Mwanza ni muda gani?" Usikimbilie kilomita. Kwa mstari ulionyooka, viwanja hivi viwili vimeachana kama kilomita 850. Ukizigawa kwa mwendo wa jeti angani, kama kilomita 800 kwa saa, unapata saa moja na dakika chache, na hapo ndipo wageni wengi wa kazi hii wanapoteleza. Ndege inasukumwa kutoka ilipoegeshwa, inatembea hadi kwenye njia ya kurukia, inasubiri zamu, inapanda, na ikikaribia kutua inapunguza mwendo na pengine kuzunguka ili ijipange na njia. Ratiba hujumlisha yote hayo. Ndiyo maana safari hiyo huwekewa kama saa moja na nusu. Ikiwa ni Dash 8-400, ndege ya propela ile watu wanayoiita pangaboi, ongeza tena, kwa kuwa kasi yake angani ni kama kilomita 650 kwa saa.

Safari fupi ndizo zinazoumbua hesabu ya kugawa. Dar hadi Zanzibar ni kilomita 73 hivi. Kwa kugawa, jeti ingemaliza chini ya dakika 6, lakini safari huchukua kama dakika 20.

Ukivuka mpaka, kuwa makini zaidi. Nairobi na Kigali zimeachana kama kilomita 760, na saa ya Rwanda iko nyuma ya Kenya kwa saa moja. Ndege ikiondoka Nairobi 09:00 na kufika Kigali 09:30, abiria ataona nusu saa kwenye tiketi, na wakati wa kurudi ataona saa mbili na nusu. Safari yenyewe ni kama saa moja na nusu kwenda, vivyo hivyo kurudi. Mweleze kabla hajalipa, hasa kama ana ndege nyingine ya kuunganisha, kwani kila muda ulioandikwa ni wa mji husika.

Nakusihi pia umsomee saa kwa mtindo wetu. Tiketi ya 07:00 ni saa moja asubuhi. Ukimtamkia "saa saba" atakuja mchana, na nauli yake imeshapotea. Mimi humwandikia kwa kalamu juu ya karatasi: saa moja asubuhi, fika uwanjani saa kumi na moja alfajiri.

Na akisema anakwenda Arusha, muulize anataka kushukia wapi. Kisongo, yaani Uwanja wa Ndege wa Arusha, ni jirani na mji. KIA, yaani Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, iko katikati ya Arusha na Moshi, na akitua huko bado ana kama kilomita 50 za barabara kabla ya kufika Arusha mjini. Mwenye kikao cha asubuhi anahitaji kujua hilo kabla hujamkatia tiketi.