Uliza Ujibiwe: Majirani Wasio na Bahari

Barua za safari hii zimetoka Tanga mjini na vitongoji vyake, na nyingi zinaihusu Uganda. Tumechagua tatu.

SWALI: Mwanangu wa darasa la sita aliambiwa ataje nchi tano za Afrika zisizo na bahari. Akaandika Uganda, Rwanda, Burundi, Zambia na Kongo. Kongo imekatwa, na mimi kwenye ramani naiona iko katikati ya bara. Mwalimu hakukosea?
*Mama wa Makorora*

JIBU: Hakukosea, mama. Tazama upande wa magharibi, pale mto Kongo unapoingia Atlantiki. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina kijipande cha pwani karibu na mji wa Muanda, kimebanwa na Angola huku na huku. Ni chembamba, lakini ni pwani. Angeandika Malawi angepata zote tano, na hao ndio majirani zetu wote wasio na bahari. Afrika nzima nchi hizo ni 16. Akishika kitabu cha zamani atazikuta 14, maana Ethiopia ilibaki bila pwani Eritrea ilipojitenga mwaka 1993, na Sudan Kusini ikazaliwa mwaka 2011.

SWALI: Huku kwetu tunaambiwa mafuta ya Uganda yatakuja kwa bomba linalopashwa moto. Kwa nini yapashwe? Na moto na mafuta vinakaaje pamoja?
*Mvuvi, Chongoleani*

JIBU: Chukua chupa ya mafuta ya nazi. Hapa pwani yanamiminika karibu mwaka mzima. Ipandishe Lushoto mwezi wa Julai, ilaze dirishani, asubuhi utayakuta yameganda meupe na chupa ukiipindua hayatoki. Mafuta ghafi ya Ziwa Albert yana tabia hiyohiyo, kwa kuwa yana nta nyingi. Yenyewe huganda hata kwenye joto ambalo sisi hapa tungelalamikia, ndiyo maana bomba limesanifiwa kuyaweka kwenye nyuzijoto zaidi ya 50.

Neno “moto” ndilo linalotisha watu bure. Hakuna mwali wowote ndani ya bomba. Maji ya chai huchemka kwa nyuzi 100, na haya ni kama nusu yake. Bomba la chuma, upana wake inchi 24, limevikwa povu gumu linalozuia joto lisitoroke, kisha likafukiwa ardhini. Pamoja nalo kuna nyaya za umeme za kulipasha. Kazi kubwa ya nyaya hizo inaonekana siku mafuta yanaposimama: yakikaa bila kwenda na bila joto, nta hujikusanya na kuganda, na pampu haiwezi kusukuma kitu kilichoganda. Nyaya huyarudisha katika hali ya kumiminika kabla pampu hazijawashwa tena.

Urefu wake ni kilomita 1,443, kutoka Kabaale wilayani Hoima hadi hapo kwenu. Za Uganda ni 296 tu. Zilizobaki 1,147 ni zetu, kupitia mikoa minane kuanzia Kagera. Kiwango cha juu ni mapipa 216,000 kwa siku, na pipa moja ni kama lita 159. Ukipiga hesabu ya ujazo wa bomba zima, tone linaloingia Hoima leo litachukua zaidi ya siku kumi kufika Chongoleani. Huko linasubiri meli kwenye matangi manne, kila moja mapipa 500,000. Meli zikichelewa, matangi yaliyokuwa matupu yatajaa kwa siku tisa hivi, na hapo ndipo utaelewa kwa nini gati la meli lina maana sawa na bomba lenyewe.

SWALI: Nataka kwenda Kampala kwa basi kuangalia nguo za jumla. Kitambulisho cha NIDA kinatosha? Na njia ipi?
*Mfanyabiashara, Ngamiani*

JIBU: Hakitoshi, ndugu yetu. Kusafiri kwa kitambulisho ni mpango wa Kenya, Uganda na Rwanda. Mtanzania anahitaji pasipoti, au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji. Viza huhitaji. Chanjo ya homa ya manjano ichome angalau siku 10 kabla ya safari, maana kadi haihesabiwi kabla ya hapo. Hakikisha jina la kwenye kadi limeandikwa sawasawa na la kwenye pasipoti.

Kutoka Tanga, njia ya karibu ni Horohoro, Mombasa, Nairobi, kisha Busia au Malaba. Kwa hiyo unavuka mipaka miwili. Wengi hukwama kwenye huu wa pili: basi linafika usiku, abiria amelala, hagongewi muhuri wa kutoka Kenya. Kosa hilo halionekani mpaka anarudi. Asiyetaka Kenya apite Mutukula, mkoani Kagera, ila ajue atazunguka Dodoma na Singida kwanza.

Jambo la mwisho ni pesa. Waganda na sisi wote tunasema “shilingi”, lakini thamani si moja. Mpakani ukitajiwa bei, uliza ni ya wapi kabla hujafungua pochi.