Telnet ikigoma poti 5060, usizime fayawoli

Mkuu, ACHA. Rudisha fayawoli (ile kinga ya kuzuia wavamizi) kwanza, haya mengine utasoma baadaye.

Unasema seva yako ya Asterisk (programu ya kuunganisha simu za ofisi kwa mtandao) iko dukani Mwanga, simu za tawi la Ujiji zinajisajili vizuri ila mtu wa Mwanga hamsikii wa Ujiji. Umepima poti 5060, mlango ambao simu zinajisajili na kuitana, kwa telnet (amri ya kujaribu kuunganisha) ikakataa, na fundi kakwambia uzime fayawoli na uitupe seva kwenye DMZ, yaani ruta iiachie seva kila kinachotoka nje, "kwa majaribio tu". Hayo maneno "kwa majaribio tu" yalinila laki tatu na nusu usiku mmoja, hapa hapa Kigoma, mwisho wa reli.

Mimi nilikuwa na shida hiyo hiyo neno kwa neno. Telnet ikagoma. Nikamwita fundi mmoja, anaongea kwa kujiamini utadhani simu kaigundua yeye. "Kaka, poti imefungwa hiyo. Fungua zote, tukimaliza tunafunga." Nikafungua zote. Telnet ikagoma vilevile! Mwenye akili zake hapo angejiuliza. Mimi nikaenda kula mgebuka, nikalala.

Namba ya ndani ilikuwa 101, neno la siri 101. Cheka tu, nimeshazoea. Tena kila namba ya ndani nilikuwa nimeiruhusu kupiga nje ya nchi. Sasa kuna programu zinazunguka intaneti usiku na mchana zikigonga 5060 za watu na kubahatisha maneno ya siri. Kwenye logi nyingine inajiita "friendly-scanner". Urafiki gani huo! Kulipokucha laini ya nje haina hata senti, na orodha ya simu imejaa namba za nchi nisizozijua, zimeanza kupigwa saa nane usiku. Bosi akaniuliza kama nina ndugu huko. Bosi, ndugu zangu wa mbali kabisa wako Kalemie, ng'ambo ya ziwa tu hapo! Nililipa kwa kukatwa mshahara miezi mitatu. Fundi simu yake ikawa haipatikani.

Na kinachoniuma hadi leo ni kwamba poti haikuwa imefungwa. Telnet inabisha hodi mlango wa TCP, wakati simu zako zinaingia kwa UDP; hizo ni njia mbili tofauti za kusafirisha data. Hata zile tovuti za kupima poti nyingi zinapima TCP tu. Na wewe mwenyewe umesema simu zinajisajili! Zingejisajilije kama 5060 imefungwa? Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu, nikamsikiliza mtu wa DMZ.

Kwa hiyo usiguse mpangilio wowote kabla hujaziona pakiti (vipande vya data vinavyopita) kwa macho yako. Kwenye seva andika:

tcpdump -ni any udp port 5060

Mwambie mtu wa Ujiji apige, wewe kodolea kioo. Kisipoingia kitu, shida iko njiani, kwenye ruta au kwa mtoa huduma. Zikiingia na seva haijibu, hapo ndipo uangalie fayawoli ya seva na kama Asterisk inasikiliza kweli (ss -lunp itakuonyesha). Zikiingia na kujibiwa, 5060 haina kosa, achana nayo.

Halafu rudia amri ile ile, ila weka portrange 10000-20000 badala ya port 5060, maana sauti haipiti 5060, inapita huko. Mimi nilipoangalia, kutoka Ujiji hakuna hata pakiti moja ya sauti. Nikafungua sngrep, programu ya kuonyesha ujumbe wa simu, nikasoma ujumbe ambao seva inampa mpigaji: c=IN IP4 192.168.1.10. Yaani seva inamwambia mtu wa Ujiji "niletee sauti 192.168.1.10", anwani ya ndani ya duka! Simu ikawa inaitafuta anwani hiyo humo humo Ujiji. Kwenye pjsip.conf (faili la mipangilio ya Asterisk), sehemu ya transport, nikaweka external_media_address na external_signaling_address zenye anwani yetu ya nje, na local_net ya mtandao wa duka. Kwenye ruta nikaelekeza UDP 10000 hadi 20000 kwenda kwenye seva, nikazima SIP ALG, kipengele cha ruta kinachochezea ujumbe wa simu. Nikaizima Asterisk na kuiwasha upya, maana reload (kusoma mipangilio upya bila kuzima) peke yake kwa kawaida haigusi transport. Simu ya kwanza nikamsikia dada wa Ujiji, na jogoo wake nyuma. Dakika kumi. Laki tatu na nusu, mkuu!

Ukihamia ruta ya laini ya simu, angalia anwani inayopewa kwa nje. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya NAT ya mtoa huduma, yaani wateja wengi mnatumia anwani moja ya nje, na kufungua poti hapo ni kazi bure. Kodi seva ndogo mtandaoni au tumia VPN.

Uliuliza pia mambo ya kodeki (njia za kubana sauti) na simu gani za mezani ununue, hayo tutaongea. Andika ile amri, piga simu moja, bandika hapa kilichotoka, ila ficha anwani yako ya nje. Na hilo neno la siri 1234 ulilolionyesha kwenye picha yako libadilishe kabla hujalala.