"Yalifanyika" na Nani?

SWALI: Mhadhiri wetu anasema kuchambua lugha ya matini kunaweza kufichua mamlaka na itikadi, hata kupitia kiambishi kimoja. Mimi naona kiambishi ni kiambishi tu. "Makosa yalifanywa" na "makosa yalifanyika" zina tofauti gani, na ipi ni sahihi?

JIBU: Mhadhiri wako hajakosea, nawe umenigusa panapouma. Itikadi tumeipata kwa Waarabu, na mzizi wake kwao una habari za kufunga fundo. Inatosha. Fundo langu mimi ni hilo "yalifanyika".

"Yalifanywa" ni kauli ya kutendwa. Mtenda hatajwi, ila kiti chake kipo, na msomaji anaweza kuuliza: na nani? "Yalifanyika" ni kauli ya kutendeka, nayo imeondoa hata kiti. Hebu sema "makosa yalifanyika na mkurugenzi". Sikio linakataa! Mkurugenzi ameshatolewa nje na sarufi kabla hujaanza kumtafuta. Ndiyo maana kauli hii inapendwa mno na waandishi wa taarifa rasmi. Fedha zimetumika vibaya. Nyaraka zimechanika. Risasi zilifyatuka, na aliyeshika bunduki sijui alikuwa wapi. Ukizisoma taarifa hizo mfululizo utadhani vitu visivyo na uhai ndivyo vinavyoendesha ofisi, na wanadamu wapo kushuhudia tu.

Sasa chukua hotuba moja ya kiongozi, wa popote, uitie kalamu. Penye mafanikio: tumejenga, tumeleta, nimeagiza. Penye aibu: kasoro zimejitokeza. Zime-ji-tokeza! Haikutosha kasoro kukosa mtenda. Imeongezewa na -ji-, kiambishi cha kujitendea, ikaja yenyewe, kwa hiari yake, bila kualikwa na mtu. Msemaji ni yuleyule, dakika ni zilezile, lakini nafsi ya kwanza imeyeyuka pale tu lawama ilipokaribia. Nenda rudi kati ya "tumejenga" na "zimejitokeza" ndiko kunakoonyesha itikadi, kuliko kiambishi kikiwa peke yake.

Wanaisimu wameliandika jambo hili zamani. Juni 1975 polisi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, waliwaua watu kwa risasi mjini Salisbury, Harare ya leo. Mchambuzi wa lugha Tony Trew alilinganisha vichwa vya habari vya magazeti ya Uingereza. The Guardian lilisema, kwa maana, polisi wameua 11 kwa risasi katika ghasia. The Times likasema weusi wafanya ghasia wameuawa na polisi. Tukio ni moja. Katika kichwa cha pili waliouawa ndio wametangulia, tena wakiwa wameshapewa hatia, na polisi wamesogezwa nyuma. Kiingereza kilihitaji kupanga upya sentensi nzima ili kumsogeza mtenda. Sisi herufi mbili, -ik-, zinamfuta kabisa.

Lakini usitoke hapo ukaanza kumkamata kila mtu. "Mwizi amekamatwa" haifichi polisi. Nani mwingine angemkamata? Na "njia inapitika" haina njama yoyote. Kikombe nacho huvunjika kweli, ingawa mtoto anayekuja kukuambia "kimevunjika" anaijua kauli ya kutendeka vizuri kuliko wanafunzi wengi wa isimu. Uliza kwanza kama mtenda anajulikana, kisha uliza nani anafaidika asipotajwa. Na linganisha matini mbili, moja haitoshi.

Kisarufi, basi, zote mbili ni sahihi, na kwenye mtihani usimnyime mtu alama. Kwenye ripoti ya ukaguzi, "yalifanyika" nitaendelea kuipigia mstari mwekundu hadi wino uniishie. Kuhusu wale walioliita kila tatizo "changamoto", niulize siku nyingine, nikishapoa.