Mhuri wa notari kwenye maduka ya kutuma vifurushi huku Marekani: jipange kabla hujatoka nyumbani

Kama uko Marekani na kaka yako Bongo anashughulikia kiwanja cha familia, au benki ya kule inataka kiapo chako, au mtoto anasafiri na mama yake peke yake kwenda kumsalimia bibi, kuna siku utaambiwa "hii karatasi ipeleke kwa notari kwanza", yaani kwa mtu wa kushuhudia sahihi yako na kugonga mhuri. Watu wengi hapo wanaanza kuwaza wakili, ofisi kubwa, bili ya mamia ya dola. Wala. Notari wa huku unamkuta palepale unapotumia mizigo, kwenye The UPS Store na vile viduka vingine vya vifurushi na masanduku ya barua, kijana anafunga maboksi nyuma ya kaunta, anaweka selotepu pembeni, anatoa mhuri, mnamalizana hata foleni haijawa ndefu.

Mimi nimeshaenda sana, kwa karatasi zangu na za watu ninaowasindikiza, maana mtaani wakishajua unazielewa hizi mambo basi simu haziishi. Niko Houston kwahiyo mifano mingi ni ya Texas, wewe wa jimbo lingine angalia sheria za kwenu kwasababu zinatofautiana kweli.

Kinachowachanganya watu wetu ni kwamba nyumbani, Tanzania au Kenya, anayegonga mhuri wa namna hii ni wakili, anakuandikia hati, anakushauri, anagonga, biashara imeisha. Huku notari ni mtu wa kawaida tu aliyepewa kibali na jimbo. Kazi yake ni kuhakikisha wewe ndo wewe, kwamba unasaini kwa hiari yako, kukuapisha kama ni kiapo, kuandika kwenye daftari lake na kugonga. Hati imeandikwa vizuri au vibaya hilo halimhusu, tena haruhusiwi hata kukushauri, ukimuuliza "hii watu wa ardhi Dar wataipokea?" atakuangalia tu. Na ukikutana na mtu anasema yeye ni notari kwahiyo atakujazia na makaratasi ya uhamiaji, huyo mkimbie.

Kwahiyo kazi yote ngumu unaifanya wewe kabla hujawasha gari. Piga simu kwanza. Haya maduka yana jina moja mlangoni lakini kila moja lina mwenyewe, moja lina notari siku nzima, lingine notari ni mmoja na leo kaenda shule kumchukua mtoto. Uliza notari yupo saa ngapi, wanataka apointimenti au la, na wanapokea hati ya aina gani maana kuna wengine wosia na karatasi za mkopo wa nyumba hawazigusi. Kama hati inataka mashahidi uliza hilo pia, mara nyingi watakwambia njoo na wa kwako, nimeona mtu anaomba omba wateja kwenye foleni wamsainie, aibu tupu.

Sasa kitambulisho. Kiwe kinafanya kazi, kina picha, hakijaisha muda. Leseni ya udereva ya hapa haina maneno. Passport ya Tanzania au Kenya ndo ina mushkeli, California wanaipokea ikiwa haijaisha muda, ila Texas sheria inataka kitambulisho cha serikali ya Marekani au cha jimbo, passport ya nje inaruhusiwa kwa karatasi za kuuza na kununua nyumba za kuishi tu. Yaani una passport mpya kabisa ya kielektroniki na bado unarudishwa. Kama ndo kwanza umefika huna leseni, fuatilia kitambulisho cha jimbo mapema usisubiri mpaka siku wakili wa Dar anakupigia kelele.

Na majina jamani, majina! Hapa ndo napoona watu wanakwama kuliko sehemu nyingine yoyote. Sisi tuna majina matatu, lako, la baba, la babu, kitambulisho chako cha taifa cha NIDA kinayo yote, hati ya kiwanja ina mawili na moja limekosewa herufi, leseni ya Texas imechukua la kwanza na la mwisho, dada zetu ndo kabisa ameolewa huku akabadili jina, kiwanja kiko kwa jina la kwao. Notari anaangalia kitu kimoja tu, jina kwenye karatasi na jina kwenye kitambulisho, na kama karatasi ina majina matatu na leseni ina mawili ana haki ya kukataa. Ninachowaambia watu siku zote: mwambie wakili wako wa nyumbani aandike jina kama lilivyo kwenye leseni, halafu aongeze "ambaye pia anajulikana kama" na lile la kwenye hati ya kiwanja. Mstari mmoja huo unaokoa wiki nzima ya meseji za WhatsApp.

Lingine la mawakili wetu wa nyumbani, wanatuma hati ya uwakilishi, ile watu wanaita pawa ofu atoni, mwishoni wameacha nafasi ya "Kamishna wa Viapo", yaani wakili wa kule anayeapisha watu, na wanakwambia hakikisha notari anagonga kila ukurasa. Notari wa duka hawezi kugonga gonga tu. Mhuri wake lazima ukae na maneno yake ya kisheria, jimbo gani, kaunti gani, tarehe, na kama wewe umekiri sahihi (unasema sahihi ni yako na umesaini kwa hiari) au umekula kiapo (unaapa kwamba yaliyoandikwa ni kweli). Hayo mawili ni tofauti na yeye haruhusiwi kukuchagulia, kwahiyo muulize wakili wako kabla, unataka kukiri au kuapa? Kama hayo maneno hayamo kwenye hati notari anaambatanisha karatasi yake nyuma, hiyo ni kawaida, mwambie na wakili asije kushangaa.

Lugha je? Texas notari anaweza kugonga hati ya Kiswahili ili mradi lile fungu lake la mwisho liwe kwa lugha anayoielewa na nyie wawili mnaelewana bila mkalimani. Ila maduka mengi yanaogopa, kuna moja walimkatalia mama mmoja kiapo chake cha Kiswahili, tukaenda la pili wakagonga bila hata kuuliza. Mi naona hati ikija kwa Kiingereza unapunguza ubishi.

Usiache nafasi wazi kwenye hati, na usisaini nyumbani, saini mbele yake. Kuna karatasi ambazo ukishasaini jana zimeharibika, mfano fomu ya DS-3053 ya mzazi anayeruhusu mtoto wa chini ya miaka 16 apate passport ya Marekani bila yeye kuwepo, ile inasainiwa mbele ya notari na inaambatana na kopi ya kitambulisho kilekile ulichomwonyesha, mbele na nyuma.

Bei ni ndogo. Texas sahihi ya kwanza mwisho dola 10 na kila inayoongezeka dola 1, New York dola 2, California 15 kwa sahihi. Kopi na skani wanakutoza pembeni. Na kama una akaunti benki waulize kwanza, benki nyingi zinamgongea mteja wao bure, mi duka naliendea kwasababu liko wazi jumamosi na benki yangu mpaka upange foleni ya wiki.

Kuna na vitu watu wanavigongesha bure tu. Barua ya kumwalika mama aje kutembea haihitaji mhuri. I-864 ya kumdhamini ndugu nayo haihitaji notari siku hizi. Na cheti cha kuzaliwa usimpelekee kabisa akuthibitishie kopi, Texas haruhusiwi, omba nakala yenye mhuri kutoka jimboni.

Halafu mhuri wa duka peke yake mara nyingi hautoshi kwa Msajili wa Hati kule nyumbani. Wakisema wanataka hati iliyothibitishwa, inatoka kwa notari inaenda kwa Secretary of State wa jimbo, ofisi inayothibitisha kwamba huyo notari ni wa kweli, huku kwetu ni Austin, dola 15 kwa hati, halafu State Department, ile wizara ya mambo ya nje ya Marekani kule Washington, dola 20, halafu ndo ubalozi wa Tanzania au Kenya hapohapo Washington. Huo mzunguko unaweza kula wiki kadhaa, kwahiyo muulize wakili mapema, tena akujibu kwa maandishi, kama anataka mzunguko wote au mhuri wa notari na ubalozi tu. Skani kila ukurasa kabla ya kutuma, lipia bahasha yenye namba ya kufuatilia, na zikisharudi zimebanwa pamoja na vyeti vyao usije ukachomoa pini eti unataka kupiga kopi vizuri, wakiona matundu ya pini iliyotolewa wanaweza kuikataa hati nzima na unaanza upya kutoka kaunta ya duka.