Ukihamia kijiji cha mtoni, jifunze kwanza saa za mto

Kila nikimwambia mtu kwamba niliishi miaka miwili kijiji ambacho barabara haifiki, kuingia boti kutoka boti, swali ni lile lile, mamba je? nyoka je? Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza ulikuwa unaoga saa ngapi. Na kumbe mi niliumia hapo hapo.

Nilikuwa naoga mtoni saa sita mchana. Sababu zangu niliziona za maana kabisa, jua kali maji yamepata vuguvugu, watu wote wako kivulini hakuna wa kukuchungulia, na mamba nilishaambiwa anatisha zaidi giza likiingia. Palikuwa na sehemu ya pembeni maji yametulia, magugu yameota kama pazia, nikasema basi hapa ndo bafuni kwangu. Nikitoka mwili unawasha washa kidogo, nasema ah itakuwa majani. Miezi kama mitatu baadaye nikakojoa damu. Nilisimama pale nimeshika suruali naangalia chini, nawaza mambo ya ajabu yote isipokuwa maji.

Nikapanda boti mpaka zahanati, nimefika asubuhi mapema na kikopo changu mkononi, muuguzi ananiambia kaa usubiri, mkojo wako nautaka mchana. Nikaona huyu ananizungusha tu. Baadaye ndo akanielewesha kwamba mayai ya kichocho cha kibofu yanatoka kwa wingi kwenye mkojo kati ya saa nne na saa nane mchana, ukipima alfajiri unaweza kuambiwa mzima kumbe unao. Na kule mtoni nako vile vijidudu vinatoka kwenye konokono mwanga ukiwa mkali, wingi wake ni mchana huo huo, na havihitaji uwe na kidonda, dakika chache tu vimeshapenya ngozi nzima. Yaani mnyoo anajua ratiba ya binadamu kuliko binadamu mwenyewe. Ugonjwa huu umejulikana chanzo chake tangu 1851, daktari mmoja Mjerumani anaitwa Theodor Bilharz aliwaona hao minyoo akiwa Cairo, mi nakuja kuoga nao zaidi ya miaka 150 baadaye kwa hiari yangu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote aliyepangiwa kazi au anayehamia sehemu za hivi, kabla hujauliza duka liko wapi uliza saa za mto. Mchana kwenye maji yaliyotulia yenye magugu na konokono, usiingie. Magharibi mpaka alfajiri ni muda wa mamba, na kama upo Afrika ongeza na kiboko, maana yeye anatoka majini usiku kwenda kula majani na anarudi kukikaribia kucha, ukimkuta njiani ukasimama kati yake na mto umejiweka pabaya sana. Sasa utasema mbona saa zote zimeisha? Hazijaisha. Asubuhi jua likishatoka vizuri mpaka kabla ya saa nne, hapo unachota maji yako ya siku nzima unapanda nayo juu. Na usichote kila siku jiwe lile lile dakika ile ile, mamba ana subira, akishaona miguu inakuja mahali pamoja kila siku atakuja kulala hapo. Chota na wenzako, simama mbali na ukingo, tumia ndoo yenye kamba, kuingia mpaka magotini ili ndoo ijae haraka ni uvivu wenye gharama.

Ya kuoga nilikuja kuwa na madumu matatu, nimeyaandika kwa mkaa leo, jana, juzi. Unachota kupitia kitambaa safi ili konokono asiingie, unafunika, unayaacha, vile vijidudu vya kichocho vikikosa mtu wa kumwingia vinakufa ndani ya siku mbili hivi. Unaoga la juzi. Watu walinicheka na madumu yangu mpaka wakazoea. Na kama ulishaoga hovyo kama mimi, usikimbilie dawa kesho yake, ile dawa (prazikwanteli) inaua minyoo iliyokomaa, michanga inaponyoka, ndo maana wanakuambia pima na unywe wiki 6 hadi 8 tangu mara ya mwisho uguse maji yale.

Ya kunywa ni habari nyingine, kukaa siku mbili hakuyafanyi yawe salama. Yaache tope lishuke, mimina yale ya juu taratibu, chuja, kisha chemsha mpaka yachemke kwelikweli, dakika moja ya kutokota inatosha kwa vijiji vya tambarare. Kuni zikilowa kuna njia ya chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita mbili, unailaza juani kwa muda wa saa 6 kama kuna jua, siku mbili kama mawingu, lakini maji yawe maangavu, ukiweka ya tope unajidanganya. Tumbo likishaharibika lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vijiko viwe vya kusawazisha sio mlima. Hii ikariri kichwani maana hutakuwa na netiweki ya kuitafuta.

Mbu. Anayeleta malaria anauma usiku, kwa hiyo chandarua chenye dawa, kikunjwe chini ya godoro kabla giza halijaingia sio ukishasinzia. Lakini kilichonisumbua kichwa zaidi sio mbu ni boti. Boti letu lilikuwa linapita mara moja kwa wiki, sasa homa ikikushika siku moja baada ya boti kuondoka unafanyaje? Wiki ya kwanza tu ulizia nani kijijini ana kipimo cha haraka cha malaria (kinatoa jibu ndani ya nusu saa), nani ana dawa mseto, nani ana mtumbwi wa injini na mafuta anaweka wapi. Mtoto akianza degedege au mtu akashindwa hata kukaa, hiyo sio ya kusubiri boti la wiki. Nyoka vivyo hivyo, usichane usifyonze usikaze kamba, laza mguu usitikisike kama uliovunjika na safari ianze muda huo huo.

Kitu kingine kilichonishangaza, mto unaweza kupanda na kwenu hakujanyesha hata tone. Mvua imepiga huko juu, maji yanakufikia baada ya siku moja au zaidi, na mara nyingi mi niliyakuta yamepanda usiku nikiwa nimelala. Mzee mmoja jirani alinifundisha kuchomeka fito kwenye ukingo kila jioni, yenye alama za kisu, asubuhi ukiona alama mbili zimemezwa unaanza kupandisha vitu bila kungoja tangazo. Kabla ya kukubali nyumba angalia mashina ya miti iliyo jirani, tope la mafuriko yaliyopita linaacha mstari, kama mstari uko juu ya dirisha lako tafuta nyumba nyingine hata kama hiyo ni ya bure. Vyeti, vitambulisho, kadi ya benki, tia kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa kabisa, ukae begani kila ukipanda mtumbwi. Na ukipanda vaa jaketi la kuokolea hata kama nahodha anakucheka, niliogelea vizuri sana kwenye swimingi pulu ila mkondo haujui hilo.

Umeme nisikudanganye, sola ndogo na pawabanki moja vilinitosha, simu tulikuwa tunapanda kichuguu kutafuta mnara, unamaliza kuongea mguu umejaa siafu. Unazoea. Upweke nao upo, hasa masika mkiwa mmezungukwa na maji, ila jioni zile za kukaa na watu ukingoni mbali na maji, hakuna simu inayolia, mpaka leo nazitamani.

Halafu ukirudi mjini usijisahau. Homa ikikupata hata wiki kadhaa baada ya kutoka huko, daktari akikuuliza tatizo nini, anza kwa kumwambia ulikuwa unaishi wapi na ulikuwa unaoga maji gani, na kama ni kichocho unachohofia, peleka mkojo wa saa sita mchana.