Tangazo Limenifikia Majina Yameshapelekwa

SWALI: Shikamoo Bi. Mimi ni karani hapa Faza, kisiwani Pate, Lamu, mwaka wa 11 huu katika ofisi moja ya umma. Matangazo ya mafunzo hubandikwa huko bara, Mokowe. La mwezi uliopita, la kozi ya utunzaji wa kumbukumbu, nilipata habari zake wiki moja baada ya majina kupelekwa. Wenzangu wawili niliowafunza kazi mwenyewe wamepanda cheo kwa kozi kama hizo. Nikiuliza naambiwa, "Subiri zamu yako." Sheria yanilinda?

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako imenichoma. Nami nilikuwa wa masjala, na safari ya Faza naijua: maji yakitoka, mashua yakwama kwenye mkondo wa Mkanda, ukifika ofisi zimefungwa.

Kozi yenyewe sheria haikukuahidi. Iliyokuahidi ni nafasi. Kifungu cha 232 cha Katiba ya Kenya ya 2010 chataka watu wapewe nafasi za kutosha na zilizo sawa za kuajiriwa, kufunzwa na kupandishwa cheo katika ngazi zote za utumishi wa umma. Ngazi zote, na karani wa kisiwani yumo. Tangazo lisilovuka maji si nafasi sawa. Hilo nalisema wazi.

Sasa acha kuuliza kwa mdomo. Andika barua chini ya Sheria ya Upataji Habari ya 2016, uulize vigezo vya kuchagua ni vipi na tangazo lilisambazwa vipi. Iandike kwa Kiswahili. Sheria yenyewe yaruhusu. Wana siku 21 za kukujibu. Toa nakala 2: moja waachie, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, nawe umesimama hapo hapo. Ukiambiwa "acha tu, tutagonga baadaye", keti kwenye benchi mpaka wagonge. Nimeona barua nyingi mno zikipotelea kati ya meza na meza, na mwenyewe hana hata karatasi ya kuonyesha.

Ukikataliwa kozi, dai sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba chakupa haki hiyo. Na ikiwa mwajiri wako ni kaunti, na uamuzi ni wa bodi yake ya utumishi, kifungu cha 77 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 chakuruhusu kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma. Rufaa iwe ya maandishi, ndani ya siku 90 tangu tarehe ya uamuzi.

Kwa sasa, mtafute mwenzako mmoja wa Mokowe akupigie picha ule ubao kila Jumatatu asubuhi, akutumie kwa simu.