Kompresa mpya, lakini AC ni joto tupu kwenye foleni ya Likoni

Pole sana ndugu yangu. Kama AC inapoza gari likitembea, halafu inapuliza joto ukisimama kungoja feri Likoni, usikimbilie kuilaumu hiyo kompresa mpya uliyofungiwa, yaani pampu inayosukuma gesi ya AC. Anza na feni ya kondensa, ile rejeta ya AC iliyo mbele ya gari inayotoa joto la gesi nje. Gari likiwa limesimama, washa AC, fungua boneti utazame: feni inazunguka au imelala? Ukiwa mbioni, upepo wa barabarani unaipoza kondensa. Ukisimama, kazi yote ni ya feni. Kisha zima injini umulike vile vibati vyembamba vya kondensa kwa tochi. Huku kwetu Mombasa chumvi ya bahari huvila. Ukivigusa kwa kidole vikapukutika kama unga, hata feni nzima haitakusaidia.

Feni na kondensa zikiwa sawa, muulize fundi: alibadilisha ile draya ya kunyonya unyevu? Alivuta hewa kwa pampu ya vakyumu walau nusu saa kabla ya kutia gesi? Hewa ikibaki ndani, presha ya upande wa gesi iliyobanwa na kompresa hupanda na baridi hupotea. Na kama kompresa ya zamani ilisagika, chembe za chuma huziba valvu ya ekspansheni, ile njia nyembamba inayopunguza presha ya gesi ili ipoe, ndiyo maana mfumo hutakiwa kusafishwa kwanza.

Nakuomba, usikubali kuongezewa gesi kwa kukisia. Apime kwa geji zote mbili, ya presha ya juu na ya chini, kwa sababu gesi ikizidi baridi hupungua vilevile, na kompresa yako mpya inaumia.